Nilidhani Kiswahili Kingenisitiri

Mpendwa Bi Shaikha, nisaidie kabla Idi haijafika, kwani nyumba yangu inavunjika na mimi bado nimepigwa na butwaa, hata sijui nianzie wapi.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, tulihama Unguja na wazee wangu mwaka 1964 tukafikia hapa Maskati, na hapa ndipo nilipoolewa na Thani, naye ni mtoto wa Unguja kama mimi, anafanya kazi forodhani, sina la kumlaumu, ila huu ni mwaka wa tano hatujajaaliwa mtoto, na mavyaa wangu, Bi Mahbuba, mama yake Thani, kila mwezi huniuliza kwa macho, kwa mdomo haniulizi, na hayo macho yamenichosha.

Mwaka huu mambo yamebadilika hapa kama mnavyosikia kwenye redio, tuna serikali mpya, na karibu na kwetu imefunguliwa zahanati yenye daktari wa Kihindi, mwanamume mpole, na mkalimani wake ni msichana wetu wa Unguja, Rahila, anayejua Kiingereza na Kiarabu. Sasa huku kwetu, Bi Shaikha, mwanamke haingii kwa daktari mwanamume mlango ukafungwa, mlango huachwa wazi na wanawake wanaongoja zamu hukaa humo humo ndani kwenye benchi, ili pasiwe na la kusemwa. Rahila aliniuliza kama avute pazia ambalo daktari ameliweka, nikakataa, nikaona nikijificha nyuma ya pazia na mwanamume nitaonekanaje, tena nikajiona mwerevu, nikamwambia tuzungumze Kiswahili, maana kwenye benchi walikaa wanawake wa hapa hapa na barakoa zao usoni, wanaongea Kiarabu chao, nani atatuelewa?

Daktari alikuwa ameshanipima, na siku hiyo akasema kwangu haoni kasoro, angependa kumwona mume wangu pia. Mimi kwa furaha ya kusikia kwamba ni mzima nilisahau nilipo, nikasema kwa sauti, "Mwambie mie n'shajua, Rahila! Si mie, ni Thani! Aliugua matumbwitumbwi alipokuwa skuli, yakamteremkia chini." Jambo hilo Thani aliniambia mimi tu tulipooana, hata mama yake hajui maumivu yalifika wapi.

Nilipoinuka niondoke, mama mmoja mtu mzima kwenye benchi akanishika mkono, akaniambia kwa Kiswahili cha Pemba kilichonyooka, "Pole mwanangu, Mungu atamponya mumeo. Mie Wete nimekaa mpaka nikazalia huko wanangu wote." Bi Shaikha, nilitoka pale bila hata kuaga. Nikaja kujua kwamba yule ni Bi Muhsina, mke wa muuza tende sokoni, kwa ile barakoa mimi sikumtambua lakini yeye alinitambua vizuri.

Siku ya pili Thani alirudi kazini na chupa ya asali iliyochanganywa na habasoda, akaiweka katikati ya mkeka nami nimeshapakua chakula. "Nimepewa na muuza tende mbele za watu," akasema, "kaniambia ninywe kila asubuhi mke wangu atashika mimba. Nani kamwambia, Kheiria?" Nikamweleza yote. Hakunipiga, hakunitukana, bora angepiga kelele. Alisema tu, "Mie ningekwenda kwa daktari huyo. Nilikuwa nnajipa moyo. Sasa mlango ule n'taingiaje?" Tangu hapo analala sebuleni na chakula changu hali.

Sasa mavyaa wangu amekuja na lake, anataka siku ya Idi wanawake wakija kutupa mkono nitamke mbele yao kwamba nilisema uongo, kwamba mgumba ni mimi. "Mwanamke asiyezaa watu watamwonea huruma," kaniambia, "mwanamme watamcheka mpaka kaburini. Na huko zahanati usirudi, mambo yao mapya yametuletea aibu tu." Tena keshataja binti wa kumwoza Thani. Nikisema, nitaletewa mke mwenza kwa uongo wa mdomo wangu mwenyewe, nisiposema naambiwa nirudi kwa baba yangu, na mume wangu nampenda, Bi Shaikha, nifanye nini?

Kheiria, Maskati

*

Kheiria mwanangu,

Pole. Barua yako niliisoma nikaiweka chini, nikaenda kunywa maji kwanza. Lakini kabla sijakuonea huruma nina ugomvi nawe. Umeniandikia mimi, usiyenijua hata kwa sura, jina la mumeo na la mama yake, idara anayofanyia kazi, na maradhi yake! Hujakoma tu? Majina yote hapo juu nimeyabuni mimi, la kwako pia, na mambo mawili matatu nimeyageuza ili jirani yako akilisoma gazeti hili asiwe na hakika.

Na hicho Kiswahili ulichojifichia! Watu wa Oman wamekuwa wakienda Unguja na Pemba tangu babu zetu hawajazaliwa, wamelima karafuu, wamezaa, wamerudi. Wewe ukaona barakoa ukadhani nyuma yake hamna masikio. Pazia ulilikataa kwa kuogopa watu watasema nini, na watu hao hao ukawapa cha kusema. Ungekuwa karibu ningekufinya.

Hata hivyo kosa si lako peke yako. Mgonjwa haulizwi habari ya pazia mbele ya benchi zima, kwani atakayekubali ataonekana ana la kuficha. Livutwe kwa kila anayeingia, awe ana kikohozi au ana mimba. Na Bi Muhsina alikushika mkono kwa huruma, sawa, lakini alichokisikia pale kilikuwa mali ya wenyewe, naye akakipeleka sokoni. Hilo halina udhuru.

Sasa soma tena ulichoandika, polepole. Daktari alisema nini? Alisema angependa kumwona mumeo. Basi! Hakusema kasoro iko kwake. Hukumu umeitoa wewe. Wanaume wangapi waliugua matumbwitumbwi na leo watoto wamejaa nyumbani? Umemtangaza mumeo mji mzima kwa ugonjwa ambao hakuna daktari aliyeuona. Hapo ndipo nilipokwenda kunywa maji.

Siku ya Idi huo uongo usiuseme. Lakini ukweli nao usiuseme, hauwahusu. Wakikuuliza, wajibu, "Ya daktari yamebaki kwa daktari. Karibuni halwa." Wakiuliza tena, wape halwa tena.

Mavyaa wako usimkemee, anamtetea mwanawe kwa njia anayoijua. Kaa naye mkiwa wawili, umuulize kwa adabu: akimwoza Thani huyo binti, na mtoto asipatikane, huyo naye atamfundisha aseme nini? Kisha nyamaza umwache afikiri.

Mumeo mwombe radhi. Usimwombe radhi kwa kwenda kwa daktari, hapo hukukosa. Mwombe radhi kwa kusema ya mwili wake bila kumuuliza. Umesikia alivyokuambia? Alikuwa tayari kwenda! Wewe umemzibia njia, basi wewe umzibulie. Nenda kwa Rahila, mwambie amwombe daktari amwone Thani wakati benchi halina mtu. Mtu wa forodhani aliyesoma Unguja anajua Kiingereza, hahitaji mkalimani. Wala hakuhitaji wewe, kwa hiyo usimsindikize.

Nawe zahanati urudi, mama mkwe apende asipende, na pazia livutwe. Ukiona vibaya kukaa peke yako na mwanamume, Rahila yumo humo ndani, anatosha. Watakaosema hayo ni mambo mapya, waambie kusitiri mtu tumefundishwa tangu chuoni tukisoma Kurani, ni sisi tuliokuwa hatufanyi.

Thani akitoka kwa daktari, usimdake kwa maswali. Bi Mahbuba akikuuliza daktari kasema nini, utamjibu kwamba hujui, na safari hii utakuwa unasema kweli. Mumeo akitaka kukuambia atakuambia. Asipotaka, pakua chakula, mle.

Bi Shaikha