Nikubali Kazi ya Kamukuywa, au Nivune Kwanza?

Mpendwa Shangazi Jerono, naomba unisaidie kabla Ijumaa haijafika kwa sababu siku hizi hata ugali haushuki. Mimi ni fundi wa matrekta hapa Kibomet, Kitale, kwa gereji ya mzee Mbugua, mwaka wa sita sasa, na mke wangu Agneta ni muuguzi kule Lugulu, Bungoma, anakoishi na mtoto wetu Nelima wa miaka minne, nami huwafikia mara moja kwa mwezi kazi ikiruhusu. Sasa ushirika wa maziwa wa Kamukuywa, karibu na Lugulu, umeniandikia barua, wanataka niwe fundi wao mkuu, mshahara ni mzuri kuliko huu na ningekuwa nikilala nyumbani kila siku, lakini shangazi, nimekodi ekari mbili kwa Kibe na mahindi yamefika magotini, palizi ya pili bado, mbolea ya kukuzia bado, nitayaacha na nani? Kibe amesema atayaangalia, lakini mimi nimeona vile anayaangalia. Na hii si mara ya kwanza, mwaka juzi waliniita nikiwa napanda, mwaka jana wakaniita nikiwa navuna, na pia wana mashine mpya za kupoza maziwa ambazo sijawahi kufungua, halafu Mbugua aliposikia akaninunulia ovaroli yenye jina langu kifuani akasema, "Wekoye, ukienda, hii gereji nitaachia nani?" Nikawaomba wa Kamukuywa wangoje hadi Novemba, wakacheka, wakasema mwisho ni Ijumaa. Agneta nilipomweleza akasema, "Si uoe hiyo mahindi basi, bana." Na ati mwezi uliopita nilipobisha hodi Nelima alifungua, akanivutia kiti, akaita, "Mama, kuja, mgeni amefika!" Tulicheka sana. Shangazi, nikubali kazi au nivune kwanza?

Fundi Wekoye, Kibomet

Shangazi Jerono anajibu:

Pole kwa mahindi, Wekoye. Sikujua Kitale kuna mahindi yanayolia yakikosa kumwona baba yao. Nimeangalia kalenda kwa niaba yako: Machi unapanda, Juni unapalilia, Oktoba unavuna, Desemba unapukuchua, Januari unalima. Kwa hivyo kazi ya kukufaa itabidi itangazwe tarehe thelathini Februari, nami nitakujulisha wakiitangaza. Na Kamukuywa unavyoiandika, mtu angedhani inahitaji pasipoti. Jumamosi asubuhi si ungekuja Kibomet kupalilia, ukamsalimia Kibe, na mchana ukarudi?

Lakini tuongee ukweli. Katikati ya mbolea na ovaroli umechomeka zile mashine za maziwa, ukapita haraka kama mtu aliyekanyaga kinyesi cha ng'ombe mbele ya wakwe. Hapo ndipo panapouma. Unaogopa. Kwa Mbugua wewe ni bingwa. Kamukuywa utauliza maswali mbele ya vijana. Naelewa, hata mimi ningeogopa. Ila usiyasingizie mahindi, hayana mdomo wa kujitetea.

Mbugua naye si mtu mbaya. Anajua thamani yako, ndiyo maana akakununulia ovaroli badala ya kukuongezea mshahara.

Unasema mlicheka sana. Agneta pia? Mimi nimesoma hapo mara tatu na sijacheka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; wewe jembe unalo tayari, ila umelipeleka kwa Kibe. Gereji jina lako limeshonwa kifuani, na nyumbani kwako mtoto hajui akuite nani.

Kesho asubuhi, kabla hujagusa spana, pigia Kamukuywa simu useme umekubali, na neno Novemba lisitoke kinywani. Mwandikie Mbugua notisi ya mwezi mmoja, na ukiondoka mwachie ovaroli yake ikiwa imefuliwa. Kibe mwahidi magunia mawili akupalilie. Akiiba la tatu, hiyo ndiyo bei ya kulala nyumbani kwako. Wakikuonyesha mashine sema hujui, wakufundishe. Hakuna fundi aliyewahi kufa kwa kusema hivyo.

Halafu siku ya kwanza Kamukuywa, ukitoka kazini, nenda moja kwa moja Lugulu. Ukifika mlangoni usibishe hodi, Wekoye. Sukuma mlango uingie, na hicho kiti ujivutie mwenyewe.