Tunakula Mizima, Tunapanda Migonjwa

Yaya Zaina, dada yangu mkubwa,

Kabla hujauliza: ninakula, ninalala, goti limeacha kuniuma, na tangu Jumatatu sijagombana na mtu. Wewe je, kifua kimetulia? Mvua imeshafika Bafwasende? Kama bado hujapanda mihogo katika shamba jipya, weka panga chini usome kwanza.

Unajua nilivyowashambulia redioni wale watafiti wa Lubunga, ng'ambo ya mto. Nilisema watu wana njaa, wao wanafuga inzi! Wasikilizaji wakanisifu, kichwa kikavimba. Ndipo mkuu wao, Mama Beatrisi, akanipigia simu: "Papa Ramazani, unasemaka sana. Kuja uone."

Nikavuka kwa mtumbwi, koti limenyooshwa, vitabu viwili kwapani. Nilikwenda kumla mzima, yaya.

Akanikalisha mbele ya hadubini. Nikamwona mtoto wa yule inzi mweupe anayejificha chini ya majani ya mihogo na kusambaza ugonjwa unaoyakunja. Mwili wake kama kioo, na ndani madoa mawili ya manjano.

"Ile njo jiko yake," akasema Mama Beatrisi, akinielekeza kwenye yale madoa.

Humo wanaishi bakteria. Inzi hunywa utomvu tu, nao haumshibishi. Bakteria humtengenezea kinachopungua, yeye huwapa nyumba, na mama huwarithisha watoto wake ndani ya yai. Bila wao, inzi hudhoofika.

"Alors, tuwaue!" nikapiga meza. "Tumwage dawa kila shamba!"

"Dawa ya kuua bakteria ni ile unamezaka ukiwa mugonjwa, papa. Tukiimwaga ovyo, kesho itakataa kukuponya. Tunatafuta njia ingine, lakini itachukua wakati. Bon, niambie: kwenu munakataka mbegu wapi?"

Nikamjibu kwa fahari kwamba dada yangu hukata vijiti kwenye mihogo iliyobaki imesimama shambani.

"Na juu ya nini hiyo ilibaki, sababu gani watu hawakuing'oa?"

"Majani yake yamejikunja, hayafai kupikwa pondu. Mizizi nayo midogo, hakuna anayejisumbua kuing'oa..."

Hapo nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Wanawake waliokuwa wakipanga miche pembeni wakaangua kicheko, mmoja akashika kiuno: "Ee, tonton! Munakula ya muzima, munapanda ya mugonjwa!"

Miaka yote hiyo, yaya! Inzi ana kosa lake, ndiyo, lakini sisi tumeufunga ugonjwa kwa kamba, tukaubeba kichwani hadi shamba jipya. Nimesoma vitabu vya kujaza chumba, na hilo sikuliona.

Kwenye mtumbwi wa kurudi nikamfikiria jirani yako Mama Anyesi. Mimi ndiye niliyekuandikia kwamba vijiti mlivyokuwa mkipeana kila msimu ndivyo vilivyokuharibia shamba, kwamba uvikatae. Ukavikataa, na sasa hamuombani hata chumvi. Kumbe vyako na vyake vilikuwa vilevile. Nilikosea. Unajua ninavyolichukia neno hilo. Nimeliandika kwa wino, litunze.

Lori la shemeji Musa linakuletea matita manne ya vijiti safi kutoka Lubunga. Mawili panda mbali na shamba la zamani. Mmea wowote ukikunja majani, ung'oe mapema. Mawili mpelekee Mama Anyesi kwa mikono yako, usimtume mtu. Na kuanzia sasa, funga kitambaa chekundu kwenye mihogo yenye majani mazuri, asiichume wala kuing'oa mtu mpaka siku ya kukata mbegu. Watakucheka. Waambie waje wanicheke mimi, nimeshazoea.

Jumamosi nitarudi redioni kumpinga Ramazani. Nina hoja kali mno, simwonei huruma.

Nisalimie Tonton Saidi, kaka wa mama, na umwambie miwani yake imepatikana, anayo Musa. Nisalimie bintiye Mwajuma aliyejifungua; mtoto asipewe jina langu, inatosha mmoja. Na mwambie Mama Anyesi kwamba sijasahau pondu yake yenye samaki wa moshi. Nikija nitapita kwake kwanza, kabla ya kwako, nisimame mlangoni na sahani tupu. Akinifukuza, ana haki. Wewe uwe nyuma yangu na sahani ya pili.

Mdogo wako anayejifunza kunyamaza,
Ramazani