Mikono Yako Iko Mohoro

Mama, shikamoo.

Kibarua kilichonileta Mohoro ni kuchora ndege wa kitabu cha watoto, kwa hiyo nashinda shambani, juu ya dungu, na Bi Mwajuma anayelinda mpunga wake usiliwe na ndege. Jana aliniomba nimchoree marehemu mama yake, ambaye hakuacha hata picha. Akanielezea sura huku akiwarushia ndege madongo na kuwapigia kelele. Alipofika kwenye mikono akasema haikumbuki. Nikachora yako, vile unavyoshika ungo. Akaitazama karatasi, akasema polepole, "Ndiye mwenyewe." Kundi zima la ndege likatua mpungani, wala hakugeuka. Ikabidi nipige kelele mimi.

Leo ungo mwachie Dada, Mama, mikono hiyo ipumzike.

Mwanao,
Zuhura