Namba za Rangi Nyeupe

Jumatatu, 3 Machi

Leo wanafunzi wamenichosha! Jaribio dogo tu la kasi ya sauti. Unachukua uma wa sauti, kile chuma cha meno mawili, unakigonga kwenye mpira, unakishika juu ya neli ya kioo yenye maji. Unashusha maji taratibu mpaka mlio uvume ghafla. Unapima urefu wa hewa iliyo juu ya maji ndani ya neli, unazidisha kwa nne, halafu kwa namba iliyoandikwa kwenye chuma, yaani mitetemo yake kwa sekunde. Basi! Jibu linakuja mita 340 hivi kwa sekunde.

Darasa zima wamepata. 338, 341, 343. Nikawasifu. Kasoro Twiga — wenzake wanamwita hivyo kwa ile shingo. Kaleta 683! Nikamwambia arudie. 679. Nikamuuliza sauti yake imepanda ndege au vipi. Darasa likacheka. Yeye kwa adabu zote: ndivyo inavyotoka, mwalimu.

Ndivyo inavyotoka! Kichwa kigumu kama nini.

Jumatano, 5 Machi

Mkuu wa shule anapunguza darasa la sayansi. Viti havitoshi, kila mwalimu ataje anayeburuta mkia. Nimemtaja Twiga. Sikuwaza mara mbili.

Maabara inanuka rangi tangu wiki jana, kichwa kinanigonga. Baba anastaafu mwisho wa mwezi. Ndiye mtunza maabara tangu sijazaliwa, na ameamua kuaga kwa brashi. Rafu, stuli, stendi, hata vyuma vya sauti — vyote buluu ya shule! Walimu wanampa mkono, mzee umetupendezesha. Anacheka mpaka jino la nyuma linaonekana. Mbele ya watu haniiti mwanangu, ananiita mwalimu, na anavyolitamka hilo neno utadhani alilinunua yeye.

Alhamisi, 6 Machi

Twiga alikuja ofisini. Hakulia. Aliomba kitu kimoja, nikapime mwenyewe. Nikamjibu sina muda. Jeuri tu, muda ninao.

Baada ya vipindi nikaenda maabara, nia yangu nimkomeshe. Nikachukua chuma alichotumia, kirefu kuliko vyote, kimeandikwa 512 kwa rangi nyeupe. Nikapima. 681.

Nikamwaga maji, nikaanza upya. 680!

Hapo ndipo nikakiangalia chuma chenyewe. Kirefu, na mlio wake mzito. Chuma kirefu kinatikisika polepole, mitetemo michache. Kifupi kinatetemeka mbio, mitetemo mingi. Nimelisema hilo darasani hadi koo likakauka! Kifupi kabisa kimeandikwa 256, nikakigonga, kikapiga kelele kama mbu. Nikakwangua rangi kwa msumari. Chini yake, kwa mbali, namba ya kiwandani: 512.

Nikakwangua na vingine: vyote nane namba zimegeuzwa. Na wale wengine? 340 zao zilitoka wapi? Kitabuni! Wamepika majibu darasa zima, na mimi nimewapigia makofi. Aliyesema kweli nimemtupa nje. Nilitamani kurusha neli dirishani.

Baba akaingia. Mbona unakwangua, mwalimu? Nikasema naangalia kama rangi imeshika. Ndivyo nilivyosema!

Jumamosi, 8 Machi

Nimeenda nyumbani kwa wazazi. Nilijiapiza nitasema kabla ya kunawa mikono. Tukala, tukamaliza, bado nimeuma ulimi.

Nikazungukia mbali. Baba, zile namba ulizipangaje? Akasema za zamani zililiwa na kutu, na macho nayo ndiyo haya. Lakini kwani kazi? Kikubwa namba kubwa, kidogo namba ndogo! Mama akaguna, akasema mume wake angekuwa profesa tungehama nchi. Wakacheka wote wawili. Nami nikacheka. Nilitaka kulia.

Halafu akaniambia shati la kuagwa limeshapigwa pasi. Anajua hotuba yake kwa moyo. Sehemu ya kwamba hajawahi kuvunja wala kuharibu kifaa cha shule, hiyo anaipenda sana, ameirudia mara mbili huku akinitazama.

Nimerudi kwangu na hasira. Kwake kidogo, kwangu zaidi. Kwa nini hakuuliza? Mtoto wake ni mwalimu wa fizikia, yuko chumba cha pili! Na kwa nini mimi sikugusa hata chuma kimoja, nikakaa mezani kusahihisha kwa kalamu nyekundu?

Jumatatu, 10 Machi

Nipo kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu. Naandika nikingoja kuitwa. Ndani yupo Twiga na mama yake, wameitwa kusaini ahamishwe kutoka darasa la sayansi. Nimepanga kusema vyuma vimechakaa. Nisimtaje mtu. Mtoto arudishwe, yaishe.

Baba naye kaja! Kavaa lile shati. Kisanduku cha vyuma kipo magotini. Mkuu anataka kukiweka kabatini kwake, nyuma ya kioo, na jina la baba juu. Kucha zake bado zina buluu. Ananiuliza kwa sauti ya chini kama tai imekaa sawa. Haijakaa. Nimeirekebisha.

Mkuu ametoa kichwa mlangoni. Ee, vizuri, mpo wote. Yule mama hasaini mpaka aonyeshwe kwa macho yake binti alikosea wapi. Leteni vyuma, mwalimu atupimie hapahapa. Karudi ndani, mlango kauacha wazi. Namwona Twiga. Hanitazami mimi, anatazama kisanduku.

Baba amekifungua. Anavifuta kimoja kimoja kwa leso, anatabasamu, maana mimi binti yake nitapima mbele ya mkuu. Nikupe kipi, mwalimu? Hiki kikubwa?

Nimejifanya bado naandika. Ameninyooshea kile cha 512, anangoja nikipokee.