Makaburi ya Canterbury

Woolwich, Jumamosi, baada ya Magharibi

Miguu bado inanisisimka. Nimeshaiosha mara mbili, na wala sijui naiosha nini.

Canterbury kanipeleka binti yangu Salma, nikaone mji wa kale. Ukuta wa Warumi sawa, vichochoro sawa, kidogo vinafanana na vya Mji Mkongwe. Kisha tukaingia kanisa kuu. Nimechoka, nikasimama juu ya bamba la jiwe nitafute tende mkobani.

Salma, ambaye siku zote hunijibu kwa Kiingereza, leo alisema Kiswahili.

"Mama, umesimama juu ya kaburi la mtu."

Niliruka pembeni, nikatua juu ya jingine.

Sakafu yote ile chini yake wamelala maiti. Na wageni wanapita na viatu vyao, wanapiga picha. Sisi bibi alikuwa akitufinya tukikanyaga kaburi hata kwa bahati mbaya.

Nikamwambia Salma amuulize mzee mlinzi, marehemu hawa hawana jamaa wa kuona uchungu? Mzee akatabasamu. Alisema wengi waliomba wenyewe kuzikwa pale, wapitao wasome majina yao.

Njia nzima ya kurudi nilitazama nje dirishani. Salma anadhani nimechukizwa.

Baba alichukuliwa nyumbani wakati wa mapinduzi, na mpaka leo hatujui kalazwa wapi. Miaka yote nimeogopa kwamba watu wanamkanyaga bila kujua.

Leo nimewaonea wivu wale wanaokanyagwa, na majina yao yakasomwa.