Hewa ya Huko Chini

Baba yangu,

Shikamoo. Najua huitikii, ila siwezi kuanza kusema nawe bila hiyo.

Nimekuwa mzamiaji. Ofisi yetu imenihamishia Mtwara, kuangalia matumbawe. Mtoto wa Masasi, na asili yetu Mkunya ambako maji yalifuatwa bondeni kwa miguu, leo najifunga mtungi wa hewa mgongoni naingia baharini.

Siku ya kuchagua vifaa nilitaka kununua kila kitu. Mwalimu wangu, Bi Somoe, akanizuia. "Anza na miwani hii ya kufunika macho na pua. Iweke usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua. Ikishika, hiyo ni yako. Mengine azima kwanza."

Nikavuta pumzi, miwani ikashika, nami nikakuona. Ulikuwa ukingoni mwa kisima cha jirani, kamba kiunoni, ukivuta pumzi moja ndefu kabla ya kushuka. Ndoo ikijaa udongo ulikuwa ukipaza sauti, "Vuta!" na baba mdogo anavuta. Siku ile pampu ya petroli ilikuwa imenguruma humo kisimani asubuhi nzima. Ulishuka. Tukaisubiri "Vuta!" yako, haikuja. Nilikuwa nimesimama na chupa yako ya chai. Baadaye wakasema hewa ya chini ilikuwa imeharibika kwa moshi wa pampu.

Miwani ile niliinunua. Kamera ndiyo iliyotaka kuniponza. Bi Somoe alikuwa amesema, "Ngoja kwanza uweze kuelea bila kushika kitu. Kamera husahaulisha hewa." Lakini mwenzangu aliniazima yake ndogo, ndani ya kasha lisilopitisha maji. Nikamwona kasa, nikamfuata, napiga picha, namfuata tena. Ndipo nikasikia, wazi kabisa, sikioni mwangu: "Vuta!"

Nikatazama geji ya hewa. Mshale ulikuwa umeshaingia kwenye nyekundu. Nikampa mwenzangu ishara, tukapanda taratibu.

Kamera nimeirudisha. Lakini kila nikishuka nasikia pumzi yangu, na nyuma yake nyingine.

Sikukuu ya Idi nilikwenda nyumbani nikamweleza mama. Nilidhani atalia, au atanikataza. Aliendelea kubangua korosho.

"Sauti yake ni ileile?"

"Ileile, mama."

Akabangua nyingine. "Basi ukimsikia tena, mwambie nimeolewa. Sijapata namna ya kumwambia."

Chini ya maji mdomo wangu umeziba kwa kile cha kupumulia. Siwezi kukuambia lolote. Ndiyo maana nakuandikia. Mumewe ni mtu mwema, baba. Anamchekesha. Mama hakutaja habari ya kukuomba ridhaa, lakini nilipokuwa naondoka alinisindikiza hadi barabarani, akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Uje uniambie atakavyosema."

Keshokutwa nazama tena. Nitasikiliza.

Pumzika, baba.

Binti yako mkubwa