Mafundo ya Mpangaji Wetu

Mjukuu wangu Rukia, nina miaka themanini na mbili, nimewazika ndugu zangu wote. Bibi yako hajambo. Waniuliza kama uache utafiti wako, kwani wa fizikia wakuona wa hesabu, na wa hesabu wakuona wa fizikia.

Miaka ya themanini, mwalimu mpangaji wetu hapa Magongo aliambiwa hayo hayo, akafunga mabegi ahame, aache utafiti wake. Akanionyesha kamba mbili zenye mafundo, ncha zimeunganishwa.

"Fizikia yaniambia haya ni fundo lile lile kwa sura mbili, mzee. Kihesabu nimeshindwa kuthibitisha."

"Mwalimu, mimi nafunga meli bandarini. Haya ni mafundo mawili tofauti."

Nikalivuta na kulipindua la kwanza mpaka alasiri, bila kukata, ili nimkomeshe kwa kumwonyesha haligeuki la pili. Likageuka, likawa sawasawa na la pili. Akafungua mabegi.

Muulize bibi yako. Ndiyo siku pekee aliyonisikia nikisema nimekosea.